UZI: Jinsi ya kuwavuta teleka wajenge viota kwenye nyumba za kisasa (vipimo, masanduku, matofali na sauti)

#1 Kitundu
Wakuu, uzi huu ni wa ndege aitwaye teleka (swift), hasa yule anayefika Ulaya mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei kuzaliana, anaondoka mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, na miezi iliyobaki yuko Afrika. Walengwa wakubwa ni ndugu zetu wa Uingereza na nchi jirani wanaojenga au kukarabati nyumba. Walioko Nairobi, Dar na Muscat wana teleka wao pia, nao wakaribie.

Tumtambue kwanza, maana wengi wanamchanganya na mbayuwayu wakati mahitaji yao ni tofauti kabisa. Mbayuwayu anatua kwenye waya wa umeme na anajenga kwa tope. Teleka hatui kwenye waya, tawi wala ardhini. Miguu yake ni mifupi sana, na kucha zake ni za kung'ang'ania ukuta. Ana gramu 40 hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa angani miezi 10 bila kutua. Kinachomleta kwenye jengo ni kiota tu. Usijisumbue na punje, bakuli la maji wala kibanda cha bustanini. Anatafuta tundu, juu, lenye giza ndani.

Nyumba za zamani zilikuwa na matundu hayo chini ya upenu, kwenye vigae vilivyoachana na kwenye nyufa za mawe. Nyumba ya kisasa imezibwa kote: upenu umefungwa kwa plastiki, vigae vimebana, ukuta umejazwa nyenzo za kuzuia baridi. Uingereza wamepungua zaidi ya nusu tangu 1995, na Desemba 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Kupungua kwa wadudu kuna mchango wake, lakini tundu ndilo ambalo mwenye nyumba anaweza kulirudisha mwenyewe.

Vipimo vya sanduku la mbao la kufunga nje chini ya upenu:

Plaiwudi ya nje, unene 12 mm. Ndani liwe na urefu wa 40 cm (ukilala sambamba na ukuta), kina 20 cm, kimo 15 cm. Likiwa fupi kidogo watakubali, ila lisishuke chini ya 30 cm kwa urefu, maana makinda watatu wa wiki ya tano wanapanua mabawa humo ndani, wanajiinua kwa mabawa na kujifua kabla ya kuruka.

Tundu la kuingilia: upana 65 mm, kimo 28 mm, kingo za mviringo. Hapo kwenye 28 usicheze. Ukifika 30 bado salama, ukizidisha kwenzi (ndege wengine wanaogombea matundu) wanaanza kupenya na wakiingia hawatoki. Tundu likae karibu na sakafu ya sanduku, upande mmoja, ili upande wa pili ubaki giza.

Upande huo wa giza gundisha kisahani cha kiota: duara la mbao au plaiwudi lenye kipenyo cha 10 hadi 12 cm, lililochongwa katikati kina cha sentimita 2 hivi. Sababu ni hii: teleka hukusanya manyoya na nyasi zinazopeperuka angani tu, kisha anazigandisha kwa mate. Mwaka wa kwanza anakuwa na nyenzo chache, na kwenye sakafu tambarare mayai yanabiringika hadi mlangoni. Kisahani kinayazuia.

Sakafu na ukuta chini ya tundu viparuzwe kwa ncha ya msumeno, mistari ya mlalo. Ndani usipake rangi wala vanishi.

#2 Mwashi_wa_Midlands
Shukrani mkuu kwa uzi. Niongeze kuhusu mahali pa kufunga, kwa sababu masanduku mengi mazuri yanakaa tupu kwa kosa hili tu.

Urefu kutoka ardhini: mita 5 au zaidi. Teleka akitoka tunduni anaanguka kwanza ndipo anashika hewa. Chini ya tundu pawe wazi: hakuna paa la kibaraza, hakuna mti, hakuna waya wa simu. Mbele pia pawe wazi mita 5 angalau, maana anaingia kwa kasi na hawezi kukata kona kali.

Mwelekeo: sanduku la mbao lililo nje lisitazame kusini bila kivuli. Chini ya upenu wenye kina, kusini panawezekana. Kaskazini, mashariki na kaskazini-magharibi ni salama. Joto likizidi, makinda wanasogea mlangoni kutafuta hewa, wanaanguka kabla ya wakati.

Mimea itambaayo ukutani ikatwe isifike karibu na sanduku. Paka, panya na kindi wanaitumia kama ngazi.

Na msiweke moja. Wanaishi kwa ujirani. Weka matatu au manne, matundu yawe karibu mita moja kutoka lingine ili kila jozi itambue mlango wake. Jozi hailindi eneo la anga kama ndege wengi, inalinda chumba chake tu, kwa hiyo ukuta mmoja wa pembetatu ya paa unaweza kubeba jozi nyingi.

#3 BiTatu
Wakuu, sisi nyumba ni mpya kabisa, ghorofa mbili, ukuta wa matofali, upenu hauzidi sentimita 15. Mume wangu hataki sanduku la mbao linalooza na kupakwa rangi kila mwaka. Tunafanyaje?

#4 Mwashi_wa_Midlands
Dada BiTatu, kwa nyumba kama hiyo jibu ni tofali la teleka. Ni chumba kamili kinachojengewa ndani ya ukuta, kinachoonekana nje ni uso wenye tundu tu. Yapo ambayo uso wake ni sawa na tofali moja la Uingereza, 215 kwa 65 mm, na chumba kimejificha nyuma. Yapo pia makubwa ya zege yanayochukua nafasi ya kozi (safu za matofali) mbili au tatu. Bei yake yapo ya kama pauni 35. Likishajengwa hakuna matunzo, linadumu umri wa nyumba, na kwa kuwa liko ndani ya ukuta halichemki kama sanduku la nje.

Kama nyumba bado inajengwa, mwambie mkandarasi kabla ukuta haujafika kozi husika. Kama imeshaisha, inawezekana kutoa tofali na kupachika, ila ni kazi ya mwashi mwenye jukwaa, si ya ngazi.

Mambo yanayoharibika wakati wa kujenga:

Tundu kugeuzwa juu chini. Chumba kingine kina kisahani sakafuni; kikigeuzwa, kisahani kiko darini. Mwashi asome mshale.

Mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) kudondokea tunduni na kukaukia humo. Ziba kwa sponji wakati wa kujenga, na uandike kwenye orodha ya makabidhiano nani anaitoa. Matundu mengi yamebaki na sponji au mkanda baada ya jukwaa kushushwa.

Kupiga plasta juu yake. Ukuta ukipigwa plasta, tumia lenye uso unaojitokeza kwa unene wa plasta.

Maji. Liinamishwe kidogo sana kuelekea nje, na wala lisivunje kizuizi cha unyevu cha ukuta wenye tabaka mbili. Chumba kikiingia kwenye nafasi ya katikati, weka nyuma yake bodi nyembamba ya kuzuia baridi, ili tabaka la ndani lisipate doa la baridi na ukungu.

#5 Kitundu
Hapo kwenye matofali kuna sheria na viwango vya kujua. Uingereza kuna kiwango BS 42021:2022 cha viota vinavyojengewa ndani ya majengo mapya. Kinataka kwa wastani angalau kimoja kwa kila makazi. Halmashauri ya Brighton na Hove imekuwa ikiweka sharti la matofali haya tangu 2020 kwa majengo mapya yenye kimo cha mita 5 na kuendelea. Hannah Bourne-Taylor alianzisha ombi la kutaka yawe lazima kwa kila nyumba mpya, likavuka saini 100,000, na Bunge likalijadili Julai 2023. Ukiomba kibali cha ujenzi, taja kiwango hicho kwa namba yake. Mpangaji wa mji akiona namba anajua unachosema.

#6 MpandaJukwaa
Kuna suala la shomoro mmeliacha. Tundu la 65 kwa 28 shomoro anaingia bila shida, na anaanza Machi, teleka bado yuko Kongo. Mei anakuta chumba kimejaa nyasi hadi dari.

#7 Kitundu
Kweli mkuu MpandaJukwaa. Shomoro naye amepungua sana Uingereza, hivyo si adui. Tunachofanya ni kugawa. Ukiwa na matundu manne, mawili yaache wazi mwaka mzima kwa shomoro. Mawili yazibe kwa kipande cha sponji kuanzia Agosti teleka wakishaondoka, na uyafungue wiki ya kwanza ya Mei, au siku utakayoona teleka wa kwanza mtaani. Funga uzi mrefu kwenye sponji ili uivute ukiwa chini bila ngazi.

Shomoro akishajaza, usisafishe wakati ana mayai. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, cha shomoro au cha teleka. Subiri Oktoba.

Kiota cha teleka chenyewe USISAFISHE. Ile pete ya manyoya iliyogandishwa kwa mate wanairudia kila mwaka na kuiongeza. Ukikuta wadudu wa rangi ya kahawia wasioruka, waliobapa, hao ni nzi wa teleka. Wanategemea teleka, hawavamii nyumba.

#8 Wanjiru_wa_Leeds
Masanduku yapo ukutani, vipimo viko sawa, na teleka wanapita juu kila jioni. Lakini hawageuki hata kuangalia. Wadau, tatizo ni nini?

#9 Spika_na_Waya
Wadau wengi wanakwama hapo. Teleka hatafuti sanduku, anatafuta teleka wengine. Ukuta usio na sauti kwake ni ukuta mtupu. Dawa ni kupiga sauti zao.

Vifaa: kichezeo cha MP3 chenye USB, amplifaya ndogo, na twita (spika ndogo ya sauti za juu) moja yenye kipenyo cha sentimita 4 hadi 5. Sauti zao ni kali na za juu, kwa hiyo spika kubwa ya besi haisaidii kitu. Weka twita ndani ya sanduku ikitazama tundu, au chini ya upenu sentimita chache kutoka tunduni. Waya upite nyuma ya sanduku, usining'inie mbele.

Rekodi iwe ya jozi ikiitikiana kutoka kiotani, dume na jike, mmoja sauti ya juu kidogo kuliko mwingine. Kelele za kundi linalopita angani zinawavuta wasogee, lakini ile ya kiotani ndiyo inayowafanya wagonge.

Ratiba: mwanzo wa Mei hadi katikati ya Julai. Asubuhi hadi saa nne au tano, na jioni kuanzia saa moja hadi giza liingie. Weka swichi ya saa ijiwashe yenyewe. Mvua na upepo mkali zima, hakuna atakayekuja.

Sauti iwe ya kusikika vizuri na ndege anayepita juu ya paa lako, isizidi hapo. Zungumza na jirani kabla ya Mei, si baada ya malalamiko.

Juni na Julai ndiyo miezi yenyewe. Ndipo vijana wa miaka miwili mitatu, ambao bado hawajazaa, wanatafuta chumba cha mwaka ujao. Utawaona: kundi linapita usawa wa paa likipiga kelele, mmoja anachomoka, anagonga ukuta kwa kifua karibu na tundu, anashikilia kwa nusu sekunde, anateleza na kurudi hewani. Hapo usizime, usihamishe sanduku, usiweke ngazi. Anakagua mlango. Akiingia mwaka huu, mayai yategemee mwaka unaofuata au baadaye, kwa kuwa kwa kawaida wanaanza kuzaa wakiwa na umri wa miaka minne hivi.

Jozi ikishaingia na kulala humo, zima spika ya sanduku hilo. Ukiendelea, wenyeji wanatumia nguvu kujibu mgeni asiyekuwepo. Unaweza kuhamishia sauti kwenye sanduku tupu la mwisho wa ukuta.

#10 Wanjiru_wa_Leeds
Asante sana. Na kinyesi? Jirani wa chini ana wasiwasi na gari lake.

#11 Spika_na_Waya
Teleka ni msafi kuliko mbayuwayu. Kinyesi cha makinda wazazi wanakimeza au wanakibeba nje. Chini ya tundu utaona alama chache tu. Kama gari linalala hapo hapo, funga sanduku upande mwingine wa nyumba, mzozo na jirani haufai.

#12 Fundi_Paa
Ombi kwa wenye nyumba za zamani: kabla ya kununua masanduku, linda matundu yaliyopo. Teleka anarudi kwenye tundu lile lile. Likizibwa akiwa Afrika, Mei anagonga ukuta mpya siku nyingi, na mwaka huo unampita bila kuzaa.

Kabla ya kubadilisha paa, kaa nje jioni ya Juni au Julai, dakika tisini za mwisho kabla ya giza, uangalie wanaingia wapi. Piga picha, weka alama kwenye picha, mpe mkandarasi. Kazi ya upenu ifanyike Septemba hadi Aprili. Jukwaa lililosimamishwa Mei mbele ya tundu lenye makinda linawafungia wazazi nje, hata kama hakuna aliyegusa kiota.

Ukibadilisha mbao za upenu kwa plastiki, kata pengo la 65 kwa 28 pale pale lilipokuwa la zamani, na ndani weka kipande cha mbao kavu kama sakafu. Plastiki tupu inateleza, kinda anashindwa kusimama na miguu inapinda. Kitambaa kipya cha chini ya vigae nacho ni hatari: kikikwaruzwa kinatoa nyuzi, zinajiviringisha miguuni na ndege anakufa akining'inia. Mahali pa kiota funika kitambaa kwa plaiwudi.

#13 Mbarwani_Muscat
Assalam alaykum ndugu zangu. Huku Oman na Emirati tuna teleka wa rangi hafifu anayejenga kwenye majengo. Vipimo vya tundu alivyotaja Kitundu vinamfaa, ila kalenda si hiyo. Huku wanazaliana mapema mwaka, kabla joto halijawa kali. Kazi za ukuta zipangwe baada ya hapo, na masanduku yatazame kaskazini bila mjadala. Wanapenda matundu ya kiyoyozi ambayo hayatumiki tena. Kabla ya kuyaziba kwa povu, angalia ndani kwa tochi.

#14 Kitundu
Waalaykum salaam, shukrani kwa hilo.

#15 Ndege_wa_Pwani
Na sisi wa Mombasa na Dar? Hawa wenye kiuno cheupe waliojaa chini ya madaraja na roshani.

#16 Kitundu
Huyo ni teleka mdogo, na yeye hataki sanduku. Anajenga nje nje, viota vimegusana, bakuli la nyasi na manyoya lililogandishwa kwa mate kwenye kona ya dari ya zege, mlango ubavuni. Anachohitaji ni dari ya zege yenye kivuli na uso wa kukwaruza. Plasta laini iliyopakwa rangi ya mafuta haishiki vizuri. Ukipaka rangi jengo, acha kipande cha dari ya roshani ya juu bila rangi hiyo. Huyu anachafua zaidi kuliko yule wa Ulaya, kwa hiyo weka ubao wa kukinga kinyesi mita moja au zaidi chini ya viota. Ubao ukiwa karibu zaidi ya hapo kunguru anapata pa kusimama.

Viota vya tope vya mbayuwayu kwenye kibaraza chako pia usivibomoe wakiondoka. Kuna teleka mwingine, si huyu mdogo, naye ana kiuno cheupe ila mkia wake ni wa panda; huyo huvichukua na kuvitumia.

Na kuna teleka wa minazi. Huyu anagandisha manyoya machache kwenye upande wa chini wa kuti linaloning'inia, halafu anagandisha mayai yenyewe kwa mate ili yasidondoke upepo ukitikisa. Anaatamia akiwa wima. Kwa hiyo kwenye mnazi au mvumo wa uani, makuti makavu yaliyoning'inia usiyapogoe yote kwa pamoja ili mti uonekane nadhifu. Kata yanayohatarisha paa au watoto, mengine yaache yadondoke yenyewe.

#17 BiTatu
Swali la mwisho kutoka kwangu. Kinda akianguka chini?

#18 Mwashi_wa_Midlands
Usimrushe hewani, dada. Huo ndio ushauri mbaya unaosambaa sana. Kinda ambaye hajakomaa akirushwa anaanguka na kuvunja mfupa wa kifua.

Mweke kwenye boksi la kadibodi lenye taulo ya karatasi, giza, mahali tulivu. Usimpe mkate, maziwa wala chakula cha paka. Anakula wadudu tu, na chakula kibaya kinaharibu manyoya kiasi kwamba hataruka tena. Mtazame mabawa: yakiwa hayajapita mkia vizuri, au bado kuna mirija ya kijivu kwenye shina la manyoya, huyo bado. Kama kiota kinajulikana na kinafikika, mrudishe. Kama hakifikiki, mpigie mtu wa kuokoa ndege anayefahamu teleka, si wa njiwa.

Mtu mzima aliyedondoka na asiye na jeraha, mpeleke uwanja wazi, mweke kwenye kiganja kilichonyooka juu ya kichwa, subiri. Atatetemeka dakika kadhaa akipasha misuli, kisha ataondoka mwenyewe. Asipoondoka, mrudishe kwenye boksi na umpigie huyo huyo mtaalamu.

Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo mwezi Juni, na husikii sauti sandukuni, usifungue. Wazazi wamekwenda mbali kufuata wadudu, na makinda wamepunguza joto la mwili wakisubiri. Ndiyo maana wengine wanakaa kiotani wiki sita na wengine karibu wiki nane.

#19 MpandaJukwaa
Sponji zenye uzi nimeziandika kwenye orodha ya vifaa. Kipande kiwe na unene gani?

#20 Kitundu
Sentimita 4 kwa kimo, upana 7, kina 5. Ikibanwa kwenye 28 inakaa bila gundi. Uzi uwe wa nailoni, uingizwe katikati ya sponji na kufungwa kwenye kifungo cha shati upande wa ndani, vinginevyo ukivuta Mei unabaki na uzi mkononi na sponji tunduni.